Kuonja bia Kisumu kwa 2,500: bia iko sawa, aliyeipika hayuko

Wacha nianze na pesa juu najua ndio mnataka kusikia kwanza. 2,500 kwa kichwa, unalipa mapema na M-Pesa, unapewa glasi sita ndogo za bia ya krafti, yaani ya wapikaji wadogo, sahani moja ya vitu vya kutafuna, na mtu wa kukuelezea unachokunywa. Ilikuwa Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni, kwa baa moja ya juu ya ghorofa hapa Kisumu mjini, hatua chache tu kutoka Oginga Odinga Street, na ziwa unaliona ukisimama ile kona ya kulia ukunje shingo kidogo. Jina siweki. Si watu wabaya, sitaki kuwaharibia, alafu wakifanya tena nataka wanifungulie mlango.

Mimi hii mambo sikuianza juzi. 2009 nilikuwa Nairobi, kazi ya kwanza, chumba kimoja Kawangware, na mwaka huo ndio Brew Bistro walifungua pale Piedmont Plaza, Ngong Road, wakiuza bia wanayopika wenyewe. Sierra nao, wapikaji wengine wadogo, wakawa kwa jengo la Yaya. Sasa lazima uelewe tulikuwa tumetoka wapi. Tangu 1922 ukisema bia Kenya ulikuwa unasema Ruaraka, kwa kiwanda cha Tusker. Castle wa Afrika Kusini wakaja wakajenga kiwanda Thika 1998, tukashangilia bei itashuka, kufika 2002 wamefunga wameenda. Keroche wa Naivasha wakatoa Summit 2008 na hiyo kwetu ilikuwa kama mapinduzi, ndugu yangu wa Nakuru alitembea kifua mbele mwaka mzima kama yeye ndio alikoroga tangi. Lakini ukitoa Guinness, zote zilikuwa rangi moja, ya dhahabu, unaweka glasi mbele ya uso unamwona mtu wa upande ule mpaka meno. Kwa hivyo siku ya kwanza tukaletewa bia yenye ukungu, rangi kama maji ya Nzoia baada ya mvua, mwenzangu aliinuka akairudisha kaunta. Ati imeharibika.

Nilikokuja kuzoea mimi si hizo kubwa. Ilikuwa kasehemu kadogo tu, jina pia naliacha, matangi mawili nyuma ya kioo, meza kama saba, na Alhamisi ya mwisho wa mwezi walikuwa wanafanya siku ya kuonja, mia tano, glasi nne na viazi karai. Kati ya glasi ya pili na ya tatu mpikaji alikuwa anatoka kule nyuma. Gambuti nyeupe mpaka goti, aproni ya plastiki imelowa, vidole vimekunjamana kama vya mtu ametoka kufua blanketi. Hakuwa na maiki. Anavuta kiti, anakaa kwa meza yenu, anauliza "mnaionaje?" alafu ananyamaza, na huyo jamaa alikuwa anajua kunyamaza, mpaka mtu anajisikia lazima aseme kitu.

Kuna jioni moja fundi wa magari aliyekuwa kwa meza yetu, mtu wa maneno machache sana, akamwambia hii ya leo inanuka siagi. Siagi kabisa, kama zile bisi za sinema. Sisi tukaona aibu, tukaangalia chini. Mpikaji akachukua hiyo hiyo glasi ya fundi, akaifunika na kiganja, akaizungusha, akatoa mkono akanusa. Akarudia. Akasema, "Ni ukweli. Nimeitoa mapema." Ndio akatueleza kwamba hamira ikila sukari kuna kitu inaacha nyuma chenye hiyo harufu ya siagi, na ukiivumilia siku mbili tatu zaidi inarudi yenyewe inakila inajisafisha, lakini wiki hiyo bia ilikuwa imeisha kwa mapipa, wateja wanaulizia, mwenye baa anamsukuma, basi akafungua bomba kabla siku hazijafika. Akaenda akatuletea glasi ingine kutoka tangi la pili, ya bure. Mwezi uliofuata siagi haikuwepo, na fundi akaulizwa yeye kwanza.

Sasa msinisome vibaya. Sisemi bia ya wakati huo ilikuwa tamu kuliko ya saa hii, haikuwa. Ungependa moja mwezi wa tatu, ukirudi mwezi wa nne ni kama mmekutana na kaka yake. Zingine zilikuwa zimepoa povu kabisa, zingine zilikuwa na povu tu bia hakuna. Kusafirisha nayo ilikuwa vita. Walikuwa wanauza kwa chupa kubwa ya lita mbili ya kubeba nyumbani, na kuna Krismasi niliamua nimpelekee ndugu yangu pale Section 58, nikaiweka katikati ya miguu kwa matatu ya Nakuru, jua la saa saba, gari linarukaruka. Bia ikipata joto na mtikiso, gesi iliyokuwa imetulia ndani inataka kutoka, hiyo kila mtu aliyefungua soda ya moto anaijua, mimi sijui kwa nini siku hiyo nilisahau. Karibu na Kikopey kifuniko kikaruka kikagonga paa. Mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa na kilemba cheupe cha kanisa. Sitaki kuendelea na hiyo hadithi, ila nilishuka Nakuru na robo lita na makanga akanitoza ya kuosha gari, na haki nilimlipa bila kupunguza.

Basi, Kisumu.

Tulikuwa kama watu arobaini. Vijana wengi, maofisi, wawili watatu wa umri wangu wa kufungua kifungo kimoja cha shati wakikaa. Meza zimepangwa vizuri, kila mtu na kibao cha mbao chenye mashimo sita ya glasi, kikaratasi chenye majina ya bia, na maji ya kunywa kwa jagi, hiyo nawapa alama kwa sababu sehemu nyingi wanasahau maji. Bia zenyewe zimetoka Nairobi. Siku hizi kule wako wengi, 254 Brewing, Bateleur, na wengine, si kama enzi zetu ungewahesabu na vidole vikabaki. Za jioni hiyo sitasema zilikuwa za nani.

Mwenye kuongoza alikuwa kijana wa maiki, kofia haitoki kichwani, sauti ya redio. Mchangamfu, hiyo siwezi kumnyima. Tatizo lilianza kwa glasi ya pili. Ya kwanza ilikuwa ile nyepesi ya kukaribisha wageni, imeenda, hakuna la kusema. Ya pili ilikuwa ya ngano, ile ya mtindo wa Kijerumani, yenye ukungu, na ukiinusa unapata ndizi mbivu na karafuu kwa mbali. Kitu safi kabisa, na povu lake lilikaa juu kama maziwa ya chai ya harusi. Kijana akatuambia wameweka ndizi. Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia, ndizi za Kisii, watu wakapiga makofi, si unajua ikitajwa ya nyumbani. Sasa hapo hakuna mtu amemenya ndizi, jamani. Hiyo harufu inaletwa na hamira yenyewe, kuna aina ya hamira ya bia ya ngano ikifanya kazi kwa joto lake inatoa hiyo ndizi na hiyo karafuu bila kuwekewa chochote, na hiyo ndio raha yote ya hiyo bia, kwamba shayiri na ngano na maji vimekutana vikatoa ndizi. Nikainua mkono, kwa adabu, nikauliza hizo ndizi zinaingia saa ngapi, wakati wa kuchemsha ama baadaye kwa tangi. Akanitazama, akaangalia kikaratasi chake, akasema, "Swali zuri boss, nitauliza timu."

Timu. Hilo neno nililisikia jioni hiyo mara tano nikihesabu.

Glasi ya tatu na ya nne ziliandamana, moja ya rangi ya asali na nyingine IPA, hiyo chungu. Kwa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, sina malalamiko, ilikuwa na harufu ya maganda ya machungwa, safi. Mabinti wa meza ya pili waliionja wakakunja uso kama waliomeza Malariakwin wakati wa shule, wakasukumia wanaume wao. Lakini wacha niwape siri ya bure. Kwa ile sahani ya vitu vya kutafuna walituwekea jibini ya vipande, zeituni, na vibiskuti vya chumvi, kama tuko Italia. Chini pale mlangoni kulikuwa na mama anauza omena ya kukaanga kavu kwa karatasi, na limau na pilipili, alafu kijana wa njugu na mayai ya kuchemsha. Nilishuka nikanunua omena ya hamsini. Kula omena tatu, piga funda la hiyo IPA. Ule uchungu unakata mafuta, ile chumvi inapunguza uchungu, unajikuta unarudi tena na tena kama mtu anakuna upele. Meza yetu yote ilikuwa imeagiza kufika dakika kumi. Kufika dakika kumi na tano askari wa mlango ameambiwa awafukuze wale wauzaji, ati wanaharibu sura ya shughuli. Sura gani? Uko Kisumu, nyuma yako kuna ziwa limejaa omena, na unanilisha zeituni ya mkebe.

Kwa historia ndio kijana aliteleza kabisa. Akasema haya mambo ya krafti yalianza Marekani miaka ya 2000 na vijana wa kompyuta. Sasa kwa meza yetu kulikuwa na mzee mmoja Mmarekani, anaishi upande wa Dunga, alikuja kufundisha hesabu mashinani miaka hiyo ya 80 akaoa akabaki, na Kiswahili chake ni kile cha vitabu, anamwambia weita "tafadhali" na "samahani ndugu yangu". Alikohoa. Alafu akaanza kutuhesabia kwa vidole, si kwa sauti, kwa meza yetu tu. 1965 Fritz Maytag ananunua kiwanda cha Anchor pale San Francisco kikiwa karibu kufa. 1976 Jack McAuliffe anaanzisha New Albion huko Sonoma, vyombo vyake vingine vya kuokoteza, vya kiwanda cha maziwa, na miaka sita baadaye amefunga. 1978 Rais Carter anatia sahihi sheria ya kuruhusu watu wapike bia kwao nyumbani, na mzee akasema hapo ndio jikoni za watu zikageuka viwanda. 1980 Sierra Nevada inaanza Chico. Na 1982 tamasha la kwanza la Great American Beer Festival, mji wa Boulder, Colorado, viwanda ishirini na kitu, watu kama 800, na yeye alikuwa mmoja wao, mwanafunzi, ameenda na baiskeli. Saa hii hilo tamasha liko Denver na ni maelfu kwa maelfu.

Tukamzunguka kama watoto. Nikamuuliza, "Mzee, ilikuwaje?" nikitegemea aanze kulia machozi ya zamani, na hata Anchor si ilifungwa 2023, nikajua hapo ndipo tutampata. Akafikiria. Akasema, "Bwana, bia nyingi ilikuwa mbaya. Moja ilikuwa na ladha ya boksi lililonyeshewa. Sikumbuki bia ikiwa nzuri, nakumbuka magoti yangu yakiwa mazuri." Akanywa IPA yake. Nikaona huyu mzee ameniharibia hii ripoti yangu yote. Lakini dakika tano baadaye akaongeza, kama mtu amekumbuka kitu kidogo, kwamba huko Boulder yule mtu aliyekuwa anakumiminia ndiye huyo huyo aliyeosha tangi, na mikono yake ilikuwa inanuka kimea. Nikamwambia na wetu alikuwa na gambuti. Akacheka.

Hapo katikati stima ikapotea. Hii ni Kisumu, hakuna aliyeshangaa, jenereta ikachukua kama dakika ishirini kuamka. Lakini bia ya pipa haipendi hiyo, friji ikizima ile iliyo kwa bomba inapata joto, na ukifungua inatoka povu tupu, povu juu ya povu. Kijana wa maiki akatuambia tuwe na subira, timu inashughulikia. Mwenye kushughulikia alikuwa dada mmoja wa kaunta, mfupi, nywele amefunga na kitambaa cha njano, hajaongea tangu tuingie. Alimwaga glasi mbili za kwanza bila huruma. Akachukua glasi ingine akaisuuza na maji baridi, hakuipangusa, akailaza, akafungua bomba mpaka mwisho mara moja, si nusunusu, na ikifika robo tatu akaanza kuisimamisha polepole. Povu vidole viwili. Akafanya hivyo glasi arobaini. Nilienda nikasimama hapo kaunta kumwangalia tu, nikamuuliza amejifunzia wapi, akasema, "Nilikuwa namwaga keg Kondele, uncle. Watu wa keg ukiwapa povu wanakupiga." Yaani Senator, ile ya mtama, tangu 2004 iko, na kiwanda chetu cha hapa Kisumu kilifunguliwa tena 2019 kwa sababu yake. Hakuna mtu amewahi kuandaa jioni ya kuinusa Senator kwa 2,500, lakini mkono uliookoa hii jioni yenu umesomea huko.

Glasi ya tano sasa. Hiyo ndio watu wanaijadili mpaka leo. Ilikuwa bia chachu, ya makusudi, yenye rangi ya waridi ya rozela, ile mnaita hibiskasi kwa majani ya chai. Ukionja taya zinakazana. Kijana akatuambia hii ni teknolojia mpya, wanaacha bakteria wa maziwa waingie kwanza ndio waweke hamira, kitu cha Wabelgiji na Wajerumani. Kimya. Alafu sauti ya mtu mzima kutoka nyuma: "Si hii ni busaa?"

Jumba likavunjika kwa kicheko, na haki alikuwa sawa. Kukhu yangu, yaani nyanya, kule Kakamega alikuwa anapika busaa na hakuna mtu wa maiki alikuwa anamwelezea bakteria. Unga wa mahindi unakandwa na maji unaachwa siku kadhaa uchachuke wenyewe, hapo ndio ule uchachu unatoka. Alafu unakaangwa kwa bati pana juu ya moto wa kuni, na hiyo kazi ni ya mgongo na macho, unageuza na jembe mpaka unakuwa vidonge vya kahawia vinavyonuka kama mkate ulioungua kidogo. Unaanikwa. Pembeni wimbi limeloweshwa limeota limekauka limesagwa, hicho ndicho kimea, ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, kazi ile ile ya shayiri ya Mau Narok kwa bia ya kiwanda. Vinakutana na maji, siku mbili tatu, imeiva. Wazee wanakaa kuzunguka chungu, maji ya moto yanaongezwa, kila mtu na oluseke wake mrefu, ule mrija wa kunywea. Na kulikuwa na jirani yetu mmoja, mzee wa kelele, alikuwa anavuta mara moja tu anaachia mrija anasema, "Leo umekaanga sana." Kukhu hakuwa anajibu. Alikuwa anakuja, anachukua mrija wa huyo huyo mzee, anaonja mwenyewe, anamrudishia. Siku zingine anamwambia ni mdomo wako umeungua na ugoro. Siku zingine anaondoka kimya, na chungu kijacho kinakuja na rangi nyepesi.

Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa, lakini angalau mgema alikuwa anasikia anavyosifiwa.

Ya sita ilikuwa stauti, bia nyeusi, ya kahawa na hapo tatizo lilikuwa baridi. Ilikuwa imegandishwa mpaka glasi inatoa jasho, na stauti ikiwa baridi hivyo inakuwa tu maji meusi, ile kahawa na ile chokoleti vinajificha. Yule yule mtu wa busaa, jaduong', yaani mzee, wa kofia ya manyoya, akamwita dada wa kaunta akamuuliza kama anamuuliza Tusker ya kawaida, "Nyar wa, hii iko moto?" Mnajua Kenya tulivyo, kabla ya jina la bia unaulizwa baridi ama moto. Vijana wakacheka, ati mzee anataka bia ya moto kwa shughuli ya kuonja. Dada hakucheka. Akaenda nyuma, kulikuwa na chupa za ziada hazijaingia friji, akamletea moja. Nikaomba nionje ya jaduong'. Wacha! Ilikuwa bia tofauti kabisa, kahawa imefunguka, utamu kama wa sukari iliyoungua, na mwisho kuna chumvi kidogo sijui imetoka wapi. Kwa dakika tano nusu ya ukumbi ilikuwa inaitisha ya moto. Kijana wa maiki akawa anaandika kwa simu, nadhani anaambia timu.

Bei ya kawaida baada ya hapo: glasi kamili ya mililita 500 ni 600. Nasikia watu wanasema ni ushuru. Si ushuru. Tangu mwisho wa 2024 bia inatozwa kwa kiasi cha kileo kilichomo, na wapikaji wadogo wana kiwango chao, shilingi 10 kwa sentilita moja ya kileo halisi, wakati wakubwa ni 22.50. Nusu lita ya asilimia 5 ina sentilita mbili na nusu, piga hesabu, ni 25 bob kwa mdogo na kama 56 kwa mkubwa. Hiyo 600 inaenda kwa lori la baridi la kilomita 350, kodi ya ghorofa, na nafikiri zeituni.

Mengine haraka haraka. Choo kisafi, sabuni iko. Weita wanatosha. Muziki ulikuwa chini mpaka saa mbili, baada ya hapo sahau mazungumzo, ikawa klabu. Kuegesha gari ni shida, lakini pia usiende na gari, glasi sita ndogo zinajumlika kimyakimya, tuktuk mpaka Milimani nililipa 200. Bia yenyewe naipa 8 kwa 10, na nasema hivi nikiwa mtu nilikunywa ile ya siagi. Dada wa kaunta 10, mwongezeeni mshahara. Shughuli yote kwa jumla 6, na ingekuwa 5 kama si jaduong'.

Kwa mlango nilimuuliza kijana wa maiki, kwa upole tu, kama aliyepika hizi bia amewahi kuja Kisumu. Akasema bado, lakini maoni yote yanamfikia, akanionyesha kile kialama cha mraba kwa kibao cha mbao, unakipiga na simu fomu inafunguka. Nikaijaza ndani ya tuktuk, mtandao unaenda unarudi. Nyota ngapi kwa mazingira, nyota ngapi kwa huduma, uliskia kutuhusu wapi. Swali la mwisho: ungependa tuboreshe nini? Nikaandika "leteni mpikaji". Ikakataa, ikatoa maandishi mekundu kwamba jibu ni fupi mno, angalau herufi ishirini. Nikaongeza "na gambuti zake". Ikakubali.